Nasaha kwa Wajukuu Wanaoutafuta Ukoo wa Mama Yao

Wajukuu zangu,

Baba yenu ameniambia mmeanza kuuliza habari za upande wa mama yenu, wale Wachina wa California, na kwamba mmekwama mapema kwa sababu majina hayapatani. Jina la ukoo mlilolikuta kwenye vyeti halijulikani kabisa katika kijiji anachokitaja bibi yenu wa Oakland. Nimefurahi mno kusikia mmeanza. Upande wangu mliupata bila jasho: nasaba yetu ya Tanga iliandikwa na babu yangu kwa herufi za Kiarabu, na mzee yeyote pale mtaani anaweza kuwatajia mababa saba huku anakunywa kahawa. Upande wa mama unataka kazi, na kazi yenyewe inataka moyo. Ndiyo maana nawaandikia.

Mimi nimekula mshahara wa masjala maisha yangu yote, najua jalada linavyozaliwa. Mtu anasimama mbele ya meza, karani anauliza, mtu anajibu, karani anaandika alichosikia, au alichotaka kusikia. Tangu baba yenu alipooa huko, kila nikija kuwatembelea nimekuwa nikisoma na kuuliza habari za wakwe zetu hawa. Jambo moja limenikaa rohoni: majalada ya Wachina wa Marekani, kwa miaka mingi, yaliandikwa na watu waliokuwa wakitafuta sababu ya kuwafukuza. Msiyafungue kabla hamjalijua hilo.

Lakini anzeni na walio hai. Karatasi zitawasubiri, bibi yenu hatawasubiri. Na mkikaa naye, msimwulize kwa nini baba mkwe wake, yule mzee, alidanganya jina. Swali hilo litamfunga mdomo siku hiyo na siku zote. Mwulizeni walikula nini sikukuu ya mwaka mpya, nani alilala chumba kipi, nani alikuwa akileta barua. Mwulizeni mkwewe alikuwa akiitwaje na rafiki zake Chinatown, siyo alivyoitwa kazini. Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko yote, na sababu mtaiona punde. Halafu kila akimtaja mtu, andikeni alivyomwita kwa Kitoisan, lugha ya kwao, kama alivyotamka. Wenzetu hawa, kama sisi, hawachanganyi mjomba na baba mdogo, wala bibi mzaa baba na bibi mzaa mama. Mkikubali kuandika "uncle" tu kwa Kiingereza chenu, mmeshaupoteza upande wa mtu huyo na nafasi yake ya kuzaliwa, na mtatumia mwaka mzima kuitafuta.

Sasa sikieni jinsi jina lilivyobadilika.

Watu wa mama yenu wanatoka Toisan, ambayo siku hizi huandikwa Taishan, katika jimbo la Guangdong kusini mwa China. Kabla ya 1965, Wachina wengi wa Marekani walitoka huko na katika wilaya jirani. Dhahabu ilipopatikana California mwaka 1848, vijana wa vijiji vile walivuka bahari, wakaiita nchi ile Mlima wa Dhahabu. Waliyoyakuta wengi wao ni kodi ya wachimbaji wa kigeni, na mwaka 1854 Mahakama ya Juu ya California ikaamua kwamba Mchina hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Fikirieni maana yake: mtu akikuibia au akimwua ndugu yako mbele ya macho yako, wewe hukuona kitu.

Kisha ikaja reli. Kati ya 1865 na 1869 maelfu ya Wachina walitoboa mahandaki ya Sierra Nevada kwa nyundo na baruti, hadi reli za pande mbili zilipokutana Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Hamtampata babu yenu huko kwa jina. Vitabu vya mishahara vya kampuni ya reli viliandika zaidi majina ya viongozi wa vikosi, na wataalamu waliotafuta kwa miaka hawajapata barua hata moja iliyoandikwa na mmoja wa wafanyakazi wale. Basi mtu akiwaambia babu yenu alijenga reli, itikieni kwa heshima, lakini msiiandike kama jambo lililothibitika.

Tarehe 6 Mei 1882 Marekani ikapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia, na Wachina wote wakanyimwa haki ya kuomba uraia. Mlango ukabaki wazi kidogo kwa wafanyabiashara, wanafunzi, walimu, wasafiri na mabalozi. Mwanya mwingine ulikuwa kuzaliwa pale pale. Mpishi mmoja aliyezaliwa San Francisco, Wong Kim Ark, alizuiwa bandarini akirudi kutoka China mwaka 1895. Akashitaki, na mwaka 1898 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubali kwamba aliyezaliwa nchini humo ni raia, hata kama wazazi wake ni Wachina. Ninyi wenyewe mnaukalia uamuzi huo bila kujua. Baba yenu hakuwa raia mlipozaliwa wawili wa kwanza.

Halafu, tarehe 18 Aprili 1906, tetemeko la ardhi likaipiga San Francisco, na moto uliofuata ukateketeza masjala ya jiji pamoja na vitabu vya vizazi. Mimi karani nilisoma habari ile nikasimama nikazunguka chumba. Kwa serikali ilikuwa hasara. Kwa Mchina aliyekuwa akifua nguo za watu bila haki yoyote, ulikuwa mlango uliofunguliwa na Mungu. Aliweza kusema, "Nimezaliwa hapa," na hapakuwa na kitabu cha kumkanusha. Akishakuwa raia, watoto wake waliozaliwa China nao wana haki ya kuingia. Kila akienda kijijini kumtembelea mkewe, anarudi na kuripoti bandarini: nimepata mtoto wa kiume. Pengine kweli amepata. Pengine amepata binti, au hakupata mtu. Ile nafasi iliyoandikwa ikabaki kama kiti kitupu, na kijana wa ndugu, wa jirani, au mgeni kabisa akaweza kuinunua. Akachukua jina la baba wa kwenye karatasi, umri wa kwenye karatasi, na ndugu wa kwenye karatasi. Wenyewe huwaita watoto wa karatasi.

Baba yake babu yenu wa Oakland alikuwa mmoja wao. Alikuwa kijana mdogo, na kwao palikuwa na njaa na majambazi. Hilo bibi yenu aliniambia mwenyewe, mama yenu akitafsiri, na nimepewa ruhusa kuwaambia.

Kuanzia 1910 hadi 1940 wengi wa watu hawa walipitia Angel Island, kisiwa kilicho katikati ya ghuba ya San Francisco. Abiria wa daraja la kwanza walikaguliwa melini wakashuka. Wachina walipelekwa kisiwani, wanaume mbali na wanawake, wakafungiwa kwenye mabweni ya mbao wakisubiri kuhojiwa. Wengine walikaa wiki, wengine miezi, wachache karibu miaka 2. Nataka mjue walivyoulizwa, kwa sababu hapo ndipo penye hazina yenu. Nyumba yenu ni ya ngapi katika mstari? Mstari una nyumba ngapi? Nani anakaa nyumba ya tatu, ana watoto wangapi, yupi ameoa? Kisima kiko upande gani wa kijiji? Sakafu ni ya udongo au ya matofali? Ngazi za mlangoni ni ngapi? Pipa la mchele hukaa wapi? Mama yako amefungwa miguu au miguu yake ni ya kawaida? Kisha anaitwa baba, anaulizwa yale yale. Kisha kaka. Wakitofautiana juu ya kisima, kijana anarudishwa.

Mtoto wa kweli naye alihojiwa hivyo hivyo, na wako waliofukuzwa kwa sababu baba alisahau idadi ya madirisha ya nyumba aliyoiacha miaka 10 iliyopita. Kwa hiyo mtoto wa kweli na mtoto wa karatasi wote walisafiri na daftari la majibu. Walilikariri melini usiku na mchana kama vile sisi tulivyokariri juzuu chuoni, na kabla ya kufika bandarini wakalitupa baharini.

Tyrus Wong, mchoraji aliyeipa filamu ya Bambi ya mwaka 1942 ile misitu yake yenye ukungu, alipita hapo mwaka 1920 akiwa mtoto mdogo. Alizaliwa Toisan katika ukoo wa Wong, akaingia kwa jina la Look Tai Yow. Baba yake aliruhusiwa kwenda zake, mtoto akabaki kizuizini peke yake akisubiri zamu ya kuhojiwa. Aliishi hadi 2016, akafa ana miaka 106, na hakuona haya kuisimulia habari hiyo. Nendeni mkaangalie picha zake, kisha nendeni kisiwani, ni safari ya feri tu. Katika kuta za bweni mtaona mashairi yaliyochongwa na waliofungiwa. Jengo lilikuwa karibu kubomolewa mlinzi wa hifadhi Alexander Weiss alipoyatambua mwaka 1970. Gusaneni mabega mkiwa mle ndani, lakini msiguse kuta.

Sasa nasema ninaloliamini. Kwetu kuna msemo kwamba mwacha asili ni mtumwa, na najua wako watakaowatupia ninyi, wakisema mzee wenu aliuza jina la baba zake. Msiukubali. Yule kijana hakuacha asili. Aliivua mlangoni kwa sababu mwenye mlango alimwambia asili yake ndiyo kosa lake. Na ndani ya Chinatown, mbali na masikio ya serikali, aliendelea kuitwa kwa jina la kwao. Aliingia katika jumuiya ya ukoo wake wa kweli, akachangia mazishi ya watu wake, akakataza watoto wake wasioane na watu wa ukoo ule wa kweli, kwani kwa desturi yao wa jina moja hawaoani. Kwa hiyo jina la kweli halikufa. Liliishi chini ya lile la karatasi, na watu wazima walilijua. Ndiyo maana nikasema mwulizeni bibi rafiki za mzee walikuwa wakimwitaje.

Mwaka mmoja nilipokuja mwezi Aprili, mama yenu alinichukua Colma, kusini mwa San Francisco, siku wanayosafisha makaburi ya wazee wao. Nilijisikia nyumbani, nami nimezoea kupalilia makaburi ya wazee wangu na kuwasomea. Watu wa mama yenu walileta kuku mzima wa kuchemsha, machungwa na vikombe vidogo, wakafuta jiwe la kaburi la mzee yule kwa kitambaa. Juu ya jiwe lile, kwa herufi za Kiingereza, palikuwa na jina la ukoo mnalolijua ninyi. Chini yake, kwa Kichina, kutoka juu kwenda chini, palikuwa na jina jingine. Nikamwomba mama yenu anisomee, akanisomea polepole kwa kidole: jimbo, wilaya, kijiji, kisha ukoo. Ukoo wa kweli. Serikali haikusoma Kichina makaburini, kwa hiyo pale mzee alisema ukweli wake wote. Pigeni picha jiwe lile, upande wa mbele na wa nyuma, wakati jua liko pembeni ili herufi zionekane, mkampelekee msomaji mzuri. Kuna familia nyingi za Wachina wa Marekani ambazo kijiji chao kimeandikwa kaburini, na wajukuu hupita juu yake kila mwaka bila kujua kusoma.

Wale wa vizazi vya mwanzo kabisa huenda msione makaburi yao. Desturi ilikuwa kufukua mifupa baada ya miaka kadhaa, kuiosha, kuifunga na kuirudisha kwao kupitia Hong Kong, ambako hospitali ya Tung Wah iliipokea na kuisafirisha vijijini. Kutokuwepo kaburi si dalili kwamba mtu alitupwa.

Mkishamaliza na walio hai na mawe, ndipo mwende kwenye majalada. Mengi ya Angel Island yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Marekani, tawi la San Bruno, karibu na uwanja wa ndege wa San Francisco. Yatafuteni kwa jina la karatasi, hilo ndilo serikali ililolijua. Ombeni pia jalada la baba wa karatasi na la ndugu wa karatasi, maana mahojiano yao yamefungamana. Mara nyingine mtakuta ramani ya kijiji iliyochorwa kwa mkono, kila nyumba na mwenyewe. Ramani hiyo huenda ni ya kijiji cha baba wa karatasi, siyo chenu. Lakini nafasi nyingi zilienda kwa ndugu na majirani, kwa hiyo linganisheni na kijiji kilicho kwenye jiwe kabla ya kuitupa.

Jihadharini na mambo madogo ya kikarani. Kwa hesabu yao ya kale mtoto huzaliwa na umri wa mwaka 1, na huongeza mwaka ukiandama mwaka mpya, siyo siku yake ya kuzaliwa. Kwa hiyo miaka 18 ya jaladani inaweza kuwa 16 yenu. Mkiona tarehe imeanza na herufi KS, huo ni mwaka wa utawala wa mfalme Guangxu: ongezeni 1874, basi KS 10 ni 1884. Baada ya kuanguka ufalme, walihesabu miaka ya jamhuri. Hapo ongezeni 1911. Mwezi nao ni wa mwandamo, kama Mfungo Mosi wetu, haulingani na Januari. Na mwanamume mmoja alikuwa na majina kadhaa: la utotoni, la shuleni, na jingine alilopewa akioa. Mnaweza kudhani mmepata kaka watatu, kumbe ni mtu mmoja. Tena ukoo ule ule huandikwa Chin huku, Chan kule na Chen kwingine, kwa jinsi lahaja inavyoutamka. Shikeni herufi ya Kichina. Hiyo haibadiliki ovyo.

Nakuja kwenye jambo linalohitaji adabu kuliko yote. Mwaka 1956 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa kuwataka Wachina wakiri majina ya karatasi, ukaendelea hadi katikati ya miaka ya 1960. Zaidi ya watu 13,000 walikiri. Lakini aliyekiri alitakiwa kuwataja wote, baba wa karatasi, ndugu, watoto, na hivyo mtu mmoja aliwafichua wengi ambao hawakutaka kufichuliwa. Ndugu wengine hawakusemezana tena hadi kufa. Zilikuwa siku za hofu ya ukomunisti, na aliyetuhumiwa siasa hiyo aliweza kuvuliwa uraia. Familia ya mama yenu haikukiri. Walikaa kimya, na ukimya ule ukarithiwa hata na waliozaliwa baadaye ambao sheria haiwagusi kabisa. Bibi yenu akiona bahasha ya serikali bado huikunja mara mbili kabla ya kuifungua.

Kwa hiyo msilianike jina la kweli mtandaoni kwa furaha ya kulipata. Watafuteni kwanza wale waliobeba jina moja la karatasi nanyi, waulizeni wanataka nini. Akikataa mmoja, mwacheni, mmwandike kwenye daftari lenu la nyumbani na mkae kimya juu yake mpaka atakapokuwa tayari, au mpaka watoto wake watakaporidhia. Na msibadilishe vyeti vyenu. Jina la karatasi limewalisha watu vizazi vitatu, limesomesha mama yenu, limekuja hadi Tanga kwenye kadi ya harusi. Liwekeni pamoja na lile la kweli, ukurasa mmoja, mkieleza lipi lilitoka wapi.

Mkifika kijijini, kama Mungu akijalia, mtaulizia kitabu cha ukoo. Koo nyingi za Guangdong zina kitabu cha nasaba kinachorudi karne nyingi, na mara nyingi kila kizazi kina neno moja linaloshirikiwa katika majina ya wana wake wote. Mkilijua neno la babu yenu, wazee wa pale watawaambia ninyi ni kizazi cha ngapi. Vitabu vingi viliharibiwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, vingine vilifichwa, vingine vimeandikwa upya. Msifike na kamera mkononi. Fikeni na picha ya jiwe la Colma.

Lakini humo kitabuni wanawake watawaumiza roho. Mke huandikwa ukoo wa baba yake tu, bila jina lake, na mabinti kwa desturi ya zamani hawaandikwi. Majalada ya Marekani nayo yamewapoteza, maana wanaume waliripoti wana wa kiume ili nafasi ziwe na thamani. Mtakuta baba mwenye wana watano wa mfululizo na binti hakuna. Sheria ya 1875 ilikuwa imeshawafungia wanawake wengi mlango hata kabla ya ile ya 1882. Wake wakabaki vijijini wakilea, wakipokea fedha na barua, wengine miaka 10, wengine 20. Marekani ilipofuta sheria ya kuwazuia Wachina mwaka 1943, ilitoa nafasi 105 tu kwa mwaka, na ni mwaka 1946 tu wake wa raia walipoachwa nje ya idadi hiyo. Mama yake babu yenu wa Oakland alikuja katika wimbi hilo, na mumewe alipompokea bandarini alikuwa ameshaota mvi. Nimewasikia mkimsimulia mzee yule kwa fahari mara nyingi. Huyu mama sijawasikia mkimtaja.

Siku hizi koo nyingi zinapochapisha vitabu vyao upya huwaingiza na mabinti. Mkiombwa kupeleka majina yenu, pelekeni la mama yenu kwanza, kamili, na ya mabibi wote mtakayokuwa mmeyapata, kisha yenu, dada na kaka bila kubagua.

Nendeni kwa bibi yenu Jumapili hii. Msiende mikono mitupu. Nunueni machungwa yenye majani yake. Msitoe daftari mpaka mmekwisha kula na vyombo vimeoshwa, na mwoshe ninyi. Kisha mwulizeni jina la mama mkwe wake, alilopewa na wazazi wake akiwa msichana.